Kwa nini fagio Japani ni somo na kwetu ni adhabu? Niko Kobe, nisaidieni kufikiri

#1 Maalim Konde
Asalaam alaykum, wadau wa elimu wa Unguja na Pemba.

Nimefika Kobe, Japani, kwenye mafunzo ya walimu wa hesabu yanayodhaminiwa na JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani. Bado mgeni kabisa, na nataka niyaseme haya sasa hivi kabla macho hayajazoea.

Ndege imetua kwenye kisiwa. Kwa mtu wa Pemba kisiwa si ajabu, lakini hiki kimetengenezwa na binadamu: wamejaza mawe na udongo baharini hadi ikapatikana ardhi, na tangu 1994 ndege kubwa zinashuka hapo. Kuvuka hadi Kobe ni boti, kama nusu saa hivi. Mjini magari yanakwenda kushoto kama kwetu, na nilipoingia kwenye teksi nikaisikia ile sauti ya mwanamke wa Kijapani inayotusemesha kila tukiwasha magari yetu kule nyumbani.

Kilichonikalisha kitako kuandika ni skuli. Tulipelekwa skuli moja ya msingi, na baada ya chakula cha mchana ukapigwa muziki. Watoto wakainuka bila ya kuambiwa. Meza zikasukumwa nyuma, vitambaa vikafungwa kichwani, na korido nzima ikajaa watoto walioinama, mikono miwili juu ya tambara, wanakimbia nalo kutoka ncha hii hadi ncha ile. Naibu mwalimu mkuu alikuwa anapangusa rafu za viatu. Mtoto wa kama darasa la pili akafika niliposimama, akainamisha kichwa kunisalimu, akasubiri. Niliposogea akapangusa pale nilipokuwa nimekanyaga, akaenda zake. Hakuna aliyemsimamia, na bakora sikuiona.

Kwetu anayefagia uwanja ni aliyechelewa. Anayesafisha choo ni aliyepiga kelele darasani. Mtoto anamaliza skuli ya msingi akijua kwamba fagio ni adhabu, na hilo kalijulia skuli, si kwao. Linaniuma, kwa sababu watoto wetu hawana kasoro yoyote. Tofauti imetoka wapi?

#2 Kijana wa Mkoani
Hongera maalim. Mimi nilisoma mtandaoni kwamba kule mtoto hafanyi mtihani wowote mpaka darasa la nne, wanafunzwa adabu tu. Tena hakuna wafagizi skuli, ni sheria ya nchi mwanafunzi afagie. Sisi tuweke sheria kama hiyo, mambo yataisha.

#3 Shangani
Maalim, kabla hatujaenda mbali nijibu mawili. Darasa hilo lina watoto wangapi? Na skuli hiyo inaingia mkondo mmoja au miwili?

Nauliza kwa sababu mimi nasomesha mjini, mikondo miwili. Watoto wa asubuhi wanatoka, wa mchana wako mlangoni wanasukumana. Nani afagie, saa ngapi? Wa asubuhi anasema taka zimeachwa na wa mchana wa jana, wa mchana anasema kakuta hivyo hivyo. Chumba kikiwa na wenyewe wawili wasioonana hakina mwenyewe. Kwangu jibu lote liko hapo, si adabu wala sheria.

#4 Mtafiti Kizimbani
Nimesoma Japani, Hiroshima. Naomba nimsahihishe kijana #2.

Mitihani ipo. Mtoto wa darasa la kwanza anapewa majaribio ya hesabu na ya maandishi yao kila mara. Hiyo habari ya "mpaka darasa la nne" inazungushwa tu. Sheria ya kumlazimisha mwanafunzi afagie haipo. Kilichopo ni mtaala wa taifa, ambao una eneo la shughuli za darasa nje ya masomo, na humo usafi wa zamu umetajwa kuwa njia ya mtoto kujifunza kufanya kazi na wenziwe. Ndiyo maana una dakika zake kwenye ratiba, kama hesabu. Na skuli zina mtumishi wa matengenezo: taa, mabomba, miti. Kazi nzito mtoto hapewi.

#5 Kijana wa Mkoani
Shukran mtafiti. Lakini kwenye ratiba ndiyo sheria hiyo hiyo, kwa jina jengine.

#6 Bi Karafuu
Mimi si mwalimu, ni mzazi. Nisemee upande wangu.

Binti yangu alirudi nyumbani siku moja shungi jeupe limeingia matope, analia. Alipelekwa kusafisha choo kwa sababu hakumaliza kazi ya nyumbani. Maji hakuna, dawa hakuna, glavu hakuna, kapewa fagio la chelewa na ndoo tupu. Nilikwenda skuli nikasema wazi: mwanangu nyumbani anaosha vyombo, anafagia uwanja kabla jua halijatoka, anateka maji. Kazi haogopi. Lakini hapa mmemfedhehesha mbele ya wavulana.

Kwa hiyo mnaposema watoto wetu hawajui usafi, nakataa. Nendeni nyumba yoyote ya Wete saa kumi na mbili asubuhi mkaone uwanja ulivyochorwa kwa fagio. Mtoto yule yule akivuka geti la skuli anatupa kijiti cha embe chini. Ni skuli iliyomgeuza.

#7 Mzee Ngalawa
Bi Karafuu umenena kweli. Mimi nimestaafu ualimu, niongeze la zamani.

Chuoni, yaani madrasa ya Kurani, tulifagia ukumbi wa maalim kabla ya kufungua juzuu. Tukateka maji, tukachanja kuni, na wala haikuwa adhabu. Ilikuwa khidma, mtoto alikuwa akiwania. Aliyekosa alichapwa, lakini hakupewa fagio, kwani fagio lilikuwa na heshima yake. Skuli ya serikali ilipokuja ikaja na mtu wa kulipwa wa kufagia, na kengele, na mstari. Kazi ikawa na mtu wake maalumu, wa chini. Hapo ndipo mtoto alipoanza kuona kwamba anayefagia ni mdogo.

Na nyinyi wa Kobe, ulizeni huko. Nilifahamishwa zamani na Mjapani mmoja aliyekuja Pemba kwamba kabla ya skuli za serikali yao watoto walisomea mahekaluni, kama vyuo vyetu. Wao wamechukua desturi ya chuoni wakaiingiza skuli. Sisi tumeiacha nje ya geti.

#8 Mtafiti Kizimbani
Mzee wetu, hilo lina msingi. Skuli za mahekalu zilikuwepo tele kabla ya 1872, mwaka waliotangaza mfumo wa elimu wa taifa. Na kwa watawa wa Kibudha kufagia ni ibada. Ila wapo wataalamu wasiokubali kwamba chanzo ni dini, wanasema ni fedha tu: taifa lilijenga skuli nyingi kwa haraka, likakosa pesa za wafagizi, watoto wakafagia, baadaye ndiyo ikapewa maana nzuri.

#9 Maalim Konde
Shukrani nyote.

Shangani: darasa nililoingia lilikuwa na watoto 31, mkondo mmoja. Mtafiti atanisaidia hapa, nimeambiwa wamebadilisha sheria ya idadi.

Bi Karafuu, hilo la maji umelitia mkononi mwangu. Nje ya kila darasa pana karo refu la kunawia lenye mabomba kama sita hivi, usawa wa kifua cha mtoto. Tambara linaoshwa hapo hapo, linakamuliwa, linabanwa kwa kibanio kwenye kijiti chini ya kiti cha mwenyewe hadi kesho. Kila mtoto na tambara lake lenye jina, wengi wameshonewa na mama zao kwa taulo kuukuu. Viatu vya nje havivuki mlango. Mtoto anavua, anaweka kwenye rafu, anavaa vya ndani vyeupe. Sisi tulipewa ndara za wageni. Msikitini hivyo hivyo, Pemba nzima tunavua viatu mlangoni na hakuna wa kutusimamia. Mbona darasani haiji?

#10 Mtafiti Kizimbani
Kweli. Kuanzia 2021 hadi 2025 walipunguza ukomo wa darasa la msingi kutoka watoto 40 hadi 35, darasa kwa darasa.

#11 Mpemba Halisi
Maalim, yote sawa, ila watu wa Konde tunataka kujua moja: huko unakula nini? Usije ukaturudia umekonda, Waunguja wakasema Pemba tumepeleka njiti.

#12 Maalim Konde
Mpemba Halisi, nakula. Kituoni tunapolala wana mlo halali, na siku ya kwenda skuli nilifungashiwa wali na samaki. Chakula cha skuli kwao ni somo pia, kina sheria yake tangu 1954. Watoto wa zamu wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanasukuma kigari cha masufuria, wanawapakulia wenzao. Mwalimu anakula humo humo darasani chakula kile kile. Na mwalimu mkuu anaonja kwanza, kabla mtoto hata mmoja hajatia mdomoni. Hilo limenigusa kuliko yote.

#13 Ummu Salma
Nasomesha darasa la kwanza, Unguja kusini. Mimi nilijaribu, bila ya kwenda Japani.

Niliondoa kufagia kwenye adhabu kabisa. Nikatenga muda mfupi kabla ya kengele ya mwisho, na mimi nikashika fagio la kwanza. Watoto walifurahi mpaka wakagombania fagio, ikabidi nipange zamu. Wale wakorofi ndio waliokuwa hodari zaidi. Mmoja hakuwa akisoma hata silabi, lakini kona yake ya ubao iking'ara, ananivuta gauni nikaione.

Palipokwama ni kwa wakubwa. Mwenzangu mmoja aliniambia mbele ya watoto kwamba nawashusha hadhi walimu. Na wa mkondo wa mchana waliacha maganda ya machungwa kama kawaida, wangu wakifika asubuhi wanakata tamaa. Kwa hiyo Shangani ana haki, na Mzee Ngalawa ana haki. Hatuwezi kuchagua moja.

#14 Shangani
Bi Ummu Salma, heshima yako. Lakini umeona, kilichoua jitihada yako ni mikondo miwili.

Na Mzee Ngalawa, samahani, la mfagizi wa serikali silikubali. Skuli nyingi za vijijini hazijawahi kuwa na mfagizi wa kulipwa, na watoto wanafagia tangu hapo. Mbona huko nako fagio limekuwa adhabu?

#15 Mzee Ngalawa
Mwanangu Shangani, hapo umegusa jambo jengine. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alipotangaza elimu bila ya malipo, watoto walimiminika. Madarasa yakajaa, walimu hawakutosha. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko anavyoweza kuwahesabu hutafuta njia ya haraka ya kutia nidhamu, na fagio liko kando ya mlango. Halina gharama wala haliachi alama mwilini. Nadhani ndivyo lilivyogeuka, kwa dhiki, si kwa ubaya.

Lakini msiiseme vibaya elimu bure. Mimi ni tunda lake. Bila ya tarehe ile ningekuwa navua pweza mpaka leo.

#16 Kipanga Mjini
Nasoma kimya kimya tangu juu. Naona sababu ni umiliki. "Cha serikali" hakina uchungu. Ndiyo mzazi anafagia kwake na mtoto anatupa taka skuli, kama alivyosema bibie #6.

#17 Bi Karafuu
Kipanga, skuli ya kijijini kwetu tumejenga wenyewe. Tumechanga, tumebeba matofali kichwani, tumepandisha kuta mpaka linta, serikali ikaja ikaezeka. Kila mzazi anajua tofali lake. Na bado taka zinatupwa. Umiliki peke yake haujibu.

#18 Mtafiti Kizimbani
Ningependa tuwe waangalifu. Mgeni anapelekwa skuli iliyojitayarisha. Maalim kaona kweli, simkatalii, nami nimeyaona hayo hayo miaka mingi. Lakini kuna upande usioonekana kwa matembezi ya siku moja.

Mwaka 2023 watoto zaidi ya laki tatu wa msingi na sekondari ya chini walihesabiwa kuwa wamesita kwenda skuli kwa muda mrefu, na wapo miongoni mwao walioshindwa na mbanano huo huo wa kufanya yote pamoja na wenzao kwa namna moja. Walimu nao wamechoka. Utafiti wa kimataifa wa walimu wa 2018 ulikuta mwalimu wa sekondari ya chini wa Japani anafanya kazi saa 56 kwa wiki, wa kwanza kwa wingi katika nchi zote zilizoshiriki. Yule naibu mwalimu mkuu anayepangusa rafu, pengine saa mbili za usiku bado yupo ofisini.

Sisemi tusijifunze. Nasema tukichukua tambara tuulize na mwalimu analala saa ngapi.

#19 Kijana wa Mkoani
Mtafiti unatutisha sasa. Mimi nakumbuka Kombe la Dunia Doha 2022, Japani kamfunga Ujerumani mbili kwa moja, wachezaji wakaacha chumba cha kubadilishia nguo kimenyooka, na kijikaratasi cha kushukuru kwa Kiarabu. Mashabiki nao wanazoa taka jukwaani. Hao wote walitoka kwenye skuli hizo hizo. Matunda yanaonekana.

#20 Mpemba Halisi
Kijana, wewe mechi yoyote Gombani unaacha maganda ya njugu mpaka chini ya viti. Anza wewe.

#21 Kijana wa Mkoani
Nitaanza wikiendi hii, njoo unione.

#22 Maalim Konde
Mtafiti, nimekusoma vizuri. Jioni nilimuuliza mwenyeji wetu kuhusu saa za kazi, akacheka kwa uchovu, akasema mwanawe anamwona Jumapili. Sijapenda kulisikia.

Lakini nirudi darasani, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kipindi ni dakika 45, na swali lilikuwa moja tu: eneo la umbo lenye pembe, limekatwa vibaya makusudi, halina fomula yake. Mwalimu kaliandika juu kushoto. Watoto wakafanya kila mmoja kwa njia yake, kisha wanne wakaitwa kuandika njia zao ubaoni, na mojawapo ilikuwa na kosa. Hakuifuta. Aliuliza darasa: "Huyu alikuwa anafikiri nini?" Wakajadili kosa lile kwa heshima, na mtoto mwenyewe akaligundua. Hadi kengele inalia ubao wote ulikuwa umejaa, kushoto hadi kulia, hakuna kilichofutwa, na kipindi kizima unakisoma kama ukurasa. Nyuma ya darasa walikaa walimu wenzake wakiandika, na baadaye wakaketi naye kukichambua kipindi, mpaka mpangilio wa ubao. Si ukaguzi, hakuna alama.

Nikaunganisha na fagio. Aliyekosea ubaoni hakuaibishwa, na anayefagia hakuaibishwa. Naona mambo hayo mawili yana shina moja.

#23 Shangani
Hilo la kutofuta ubao nitalijaribu kesho. Ubao wangu lakini ni mfupi na umemeguka rangi katikati.

#24 Kipanga Mjini
Kuna aliyefuatilia Misri? Walifungua skuli za mtindo wa Kijapani mwaka 2018, pamoja na hayo ya usafi wa zamu na mikutano ya darasa. Ni nchi ya Kiislamu, ya Afrika, yenye madarasa yaliyojaa. Tungepeleka mtu akaangalie Misri badala ya Kobe, pengine tungejifunza zaidi.

#25 Ummu Salma
Wazo zuri sana. Dini yetu inatuambia usafi ni nusu ya imani na tunawakaririsha watoto hivyo asubuhi, kisha mchana tunamwadhibu mtoto kwa kumpa hiyo nusu ya imani. Mimi hili linanikosesha raha.

#26 Mpemba Halisi
Maalim, na swala je? Umeshapata msikiti?

#27 Maalim Konde
Alhamdulillahi. Kobe ndiko uliko msikiti wa kwanza wa Japani, wa 1935. Ulisalimika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995, majengo ya jirani yakaanguka. Kibla huku ni magharibi, unapinda kidogo kaskazini. Mimi niliyezoea kuelekea kaskazini maisha yangu yote nilihitaji siku ya kwanza kuonyeshwa. Na huu ni Juni: alfajiri inaingia kama saa tisa usiku, jua linatoka kabla ya saa kumi na moja. Huku tuko mbele yenu kwa saa sita, kwa hiyo mnapoandika usiku msishangae nikinyamaza.

#28 Mzee Ngalawa
Mola akurudishe salama. Ukirudi uje Wete tukae barazani na walimu wastaafu, usiwaeleze wizarani tu.

#29 Fundi Wete
Mimi ni seremala, nimetengeneza madawati ya skuli mbili tatu hapa Pemba. Maalim, hizo rafu za viatu zina milango au ziko wazi? Nipe urefu, upana na kina cha kijumba kimoja, na kijiti kile cha kubania tambara kinafungwa wapi hasa kwenye kiti. Mbao za mwembe ninazo.

#30 Bi Karafuu
Fundi, ziwe wazi, zikiwa na milango watoto watabana vidole. Na mchango wa mbao mimi natoa.

#31 Shangani
Ndara zitaibiwa siku ya kwanza. Watoto 80 wa asubuhi na 80 wa mchana, rafu itatoshea wapi?

#32 Fundi Wete
Ukutani, kaka, kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Nipeni vipimo kwanza.

#33 Maalim Konde
Ziko wazi. Kesho tunarudi skuli ile, nitakwenda na rula.